Je, Peugeot 504 itarudi tena kiwandani? Uzi maalumu kwa tunaoipenda

#1 SpringiNdefu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona nilete jambo hili humu kwa sababu wapo mafundi, wapo walioshika usukani wa gari hili kwa miaka, na wapo wanaofuatilia biashara ya magari kwa karibu. Ipo siku Peugeot watairudisha 504?

Nauliza kwa dhati, maana majina ya zamani yanafufuliwa kila uchao. Volkswagen walileta New Beetle mwaka 1997. BMW wakaleta Mini mpya 2001, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza kufika mwisho. Fiat wakaizindua 500 tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili tangu ile ya awali. Ford wameirudisha Bronco iliyokuwa imezikwa tangu 1996. Na sasa Renault, ambao wapo nchi moja na Peugeot, wameleta Renault 5 ya umeme na ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya 2025. Peugeot wanangoja nini?

Kwa wasioifahamu vizuri: 504 ilizinduliwa Septemba 1968, na tuzo hiyo ya Ulaya iliichukua mwaka 1969. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina wa Italia, ndio maana zile taa za mbele zina pembe ambazo ukiziona mara moja huzisahau, na buti lake limevunjwa kidogo kwa nyuma kama lililokunjwa kwa makusudi. Jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 3.7. Ufaransa waliacha kuunda saluni mwaka 1983 na pikapu mwaka 1993, lakini Argentina waliendelea hadi 1999, na Kaduna kule Nigeria pamoja na Mombasa kule Kenya waliziunganisha hadi miaka ya 2000. Gari lililochorwa miaka ya 1960 likavuka karne likiwa bado linatoka jipya kiwandani. Ni magari machache sana yana historia hiyo.

Mimi naamini soko lake bado lipo, hasa la ile stesheni, yaani station wagon yenye nyuma ndefu, ya viti saba. Naomba tujadili kwa hoja. Anayejua jambo la uhakika aliweke hapa.

#2 Bint Usukani

Nimefika mapema. Naomba fundi yeyote aanze kwa kutueleza ndani ya hilo gari kulikuwa na nini hasa. Sifa nimezisikia tangu utotoni lakini sijawahi kupata mtu wa kunifafanulia.

#3 Spana13

Dada, ngoja nijaribu, maana hapa ndipo mjadala mzima ulipo. Tukizungumzia kurudi kwa 504 bila kujua kilichoifanya iwe 504, tutaishia kujadili nembo.

Cha kwanza ni springi. Wazungu wengi wakati ule walitengeneza magari ya barabara laini. Wafaransa walikuwa na barabara nyingi mbovu za vijijini, kwa hiyo waliipa 504 springi za koili ndefu na laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Saluni ya awali ilikuwa na mfumo huru nyuma: kila tairi linajitegemea, la kushoto likiingia shimoni la kulia halina habari. Lakini stesheni haikupewa mfumo huo. Yenyewe ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma na koili nne, mbili kila upande. Hapo ndipo unaona akili ya wale wahandisi. Walijua stesheni itabebeshwa mzigo mpaka mwisho, na mfumo huru ukizidiwa mzigo matairi hukaa upande na kujilia ndani. Ekseli ngumu haina tatizo hilo, na koili nne zinabeba bila kuliondolea gari ule ulaini wake.

Wakairefusha pia. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye saluni ni mita 2.74, kwenye stesheni ni mita 2.90. Ndiyo ile Familiale ya safu tatu, zote zikitazama mbele. Pikapu ikawekewa springi za bapa na kubeba tani moja na zaidi.

Cha pili ni injini. Ya petroli ilianza na cc 1796, halafu kuanzia mwaka 1970 ikaja ya cc 1971. Imelazwa pembeni kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ya alumini, na slivu zake (mabomba ya ndani ya silinda) ni za maji, yaani unazichomoa na kuweka mpya bila kupeleka bloku kuchongwa. Fundi mwenye spana za kawaida, mahali pasipo na mashine yoyote, anaweza kuipa injini silinda mpya na pistoni mpya ikaanza maisha upya. Hata feni yake ilikuwa ya sumaku ya umeme: inashika maji yakipata moto na inaachia yakipoa, wakati magari mengi ya enzi hizo feni ilizunguka muda wote ikila nguvu na mafuta.

Cha tatu, propela shafti. Ipo ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, vumbi na mawe havigusi kitu.

Sasa nauliza: mkitaka 504 irudi, mnataka kipi kati ya hivyo? Kwa sababu magari mliyotaja huko juu, mengi yalirudi na sura tu.

#4 Mkaguzi

Fundi Spana13, umegonga penyewe. Naongeza upande wa sheria, kwa sababu wengi hudhani kiwanda kinaweza kufukua michoro ya zamani na kuanza kesho.

Kuanzia Julai 2024, kila gari jipya linaloandikishwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kujifungia breki lenyewe linapotaka kugonga na mfumo wa kumtahadharisha dereva anapozidisha mwendo. Hapo hujagusa moshi, hujagusa mifuko ya hewa, hujagusa majaribio ya kugongeshwa mbele na ubavuni. Bodi ya 1968 haikuchorwa kwa majaribio ya namna hiyo. Ukiiimarisha nguzo, unaongeza uzito. Ukiongeza uzito, zile springi laini anazozisifu fundi unazibadilisha. Mpaka umalize, umechora gari jingine.

Mifano ipo wazi. Volkswagen Kombi ilidumu Brazil hadi Desemba 2013. Haikukosa wanunuzi. Iliondoka kwa sababu kuanzia 2014 sheria ilidai mifuko ya hewa na breki za ABS, zinazozuia matairi kukwama, kwa kila gari jipya. Land Rover Defender ya zamani ilisimamishwa kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na moshi pamoja na usalama vilichangia sana. Nissan Tsuru ya Mexico ilipata nyota sifuri kwenye majaribio ya kugongeshwa na ikafungiwa mstari mwaka 2017. Watu waliyapenda magari hayo yote na yalikuwa bado yanauzika.

Na tusione sheria kama adui. Kwenye stesheni ya viti saba, safu ya tatu inakaliwa na watoto, na nyuma yao kuna kioo na bati tu. Mimi napenda 504 kama nyie, lakini siwezi kuomba itoke mpya ikiwa vilevile.

#5 SpringiNdefu

Mkuu Mkaguzi, hoja ya watoto safu ya nyuma nimeipokea na siwezi kuibishia. Sijaomba wafukue michoro. Nauliza kama inawezekana kutengeneza gari jipya lenye nia ileile: refu, springi laini, ekseli ngumu nyuma, safu tatu, mitambo inayofikika kwa mkono, na likafuata sheria za leo. Tofauti ni kubwa.

#6 Bint Usukani

Asante fundi kwa darasa. Sasa naomba niulize. Land Cruiser ya 70 ilitoka 1984 na mpaka leo inaundwa, ina ekseli ngumu, ina chasisi ya ngazi (fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi). Mbona Toyota wameweza? Hata Japani kwenyewe waliiondoa sokoni, wakairudisha 2014 kwa kipindi kifupi, kisha wakaileta tena Novemba 2023. Kama 70 imeweza, 504 imeshindwa nini?

#7 Hesabu Kwanza

Dada, huo ndio mfano mgumu kuliko yote kwenye uzi huu, na jibu lake linaeleza mambo mengi.

Land Cruiser 70 haikuwahi kufa. Ilitoka kwenye soko la Japani, lakini kiwanda kiliendelea kuiunda kwa ajili ya Australia, nchi za Ghuba, Afrika, migodi, majeshi na mashirika ya misaada. Moldi za kushindilia bati zipo na zinafanya kazi. Watoaji wa vipuri wana mikataba hai. Wafanyakazi wanaijua. Na Toyota wamekuwa wakiibadilisha polepole: mifuko ya hewa ikaja, injini zikabadilika, hii ya 2023 ya Japani ina dizeli ya lita 2.8 na gia za otomatiki. Ni gari la 1984 lililokarabatiwa bila kukatika.

504 ilikatika. Moldi zake zilihama nchi moja hadi nyingine mpaka zikachoka. Kuanza upya ni kuchonga moldi zote za bodi, kutafuta wa kusubu bloku, kufanya majaribio ya usalama tangu mwanzo. Gharama hiyo ni ileile ya kutengeneza gari jipya kabisa, na mwenye fedha atauliza: kama nalipa bei ya gari jipya, kwa nini nisichore jipya?

Halafu kuna suala la mwenye nyumba. Januari 2021 Peugeot iliingia kwenye kampuni kubwa ya Stellantis yenye chapa 14. Ndani ya kampuni hiyo majukwaa, yaani misingi ya chini ambayo magari hujengwa juu yake, yanashirikiwa. Peugeot hawakai peke yao wakaamua kuchora chasisi ya kwao. Wanapewa majukwaa yaliyopo wachague. Fiat Grande Panda, Citroën C3 mpya na Opel Frontera, jina lingine la zamani lililofufuliwa, yote matatu yanakaa juu ya jukwaa moja, na lote ni la kuvuta kwa matairi ya mbele. 504 ikirudi leo chini ya utaratibu huo, kuna uwezekano mkubwa itakaa hapohapo.

#8 Spana13

Basi isirudi.

#9 Kioo Cha Nyuma

Fundi usikate tamaa haraka hivyo. Mimi nafurahi jina likirudi hata kama chini ni kitu kingine. Kijana akiona 504 mpya barabarani atauliza habari za ile ya zamani. Fiat 500 mpya ilikaa juu ya jukwaa la Panda na bado ilipendwa dunia nzima, na za zamani zikapanda thamani na watu wakaanza kuzikarabati.

#10 Spana13

Mkuu, nakuelewa, lakini Fiat 500 ya zamani ilipendwa kwa sura yake na udogo wake. Vitu hivyo viwili unaweza kuvirudisha juu ya jukwaa lolote. Mini vilevile. Beetle kidogo ilileta shida, maana ile ya zamani ilikuwa na injini nyuma inayopozwa kwa hewa na ile mpya ilikuwa Golf iliyovalishwa nguo nyingine. Ilipendwa, ikapoa, na Julai 2019 uzalishaji ukafungwa Mexico, palepale Puebla ambako ile ya asili nayo ilimalizikia Julai 2003.

504 haikupendwa kwa sura. Ilipendwa kwa kile inachofanya ikiwa imejaa watu na mizigo kwenye barabara ya changarawe. Ukileta sura bila hiyo kazi, umeleta picha.

Angalia Toyota Starlet. Jina limerudi barani Afrika tangu 2020, lakini lile ni Suzuki Baleno lenye nembo ya Toyota. Sisemi ni gari baya, linaenda vizuri na halili mafuta. Lakini aliyekuwa na ile Starlet ya zamani akifungua boneti hakuti kitu anachokijua. Ford Capri nayo imerudi 2024 ikiwa gari refu la umeme la milango mitano, wakati Capri ya asili ilikuwa kupe, yaani gari la milango miwili, ya chini ya vijana. Datsun walirudishwa na Nissan, wakatangazwa kwa shangwe 2012, na kufika 2022 wamefungiwa tena. Jina peke yake halibebi gari.

#11 Mzee wa Vumbi

Vijana, nawasoma kwa furaha. Ruhusuni mzee achangie.

Mnazungumza majukwaa na sheria, sawa, lakini msisahau gari hili lilithibitishwa wapi. Safari Rally ya zamani ilikuwa maelfu ya kilomita, siku kadhaa, tope na vumbi katika mbio moja, na barabara hazikufungwa. Peugeot walikuwa wameshaizoea kabla ya 504: ile 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland aliyekuwa akitokea Tanzania. Halafu 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na kupe ya V6.

Ninachotaka mkione ni hiki: magari yaliyoshinda miaka ya 1960 hayakuwa na tofauti kubwa na yale yaliyouzwa dukani. Mtu alishuhudia 404 ikipita imejaa tope, kesho yake akaenda kununua inayofanana nayo. Kiwanda nacho kiliona nini kinavunjika na kikakiimarisha. Andersson huyohuyo baadaye ndiye aliyeijenga timu ya Toyota ya Ulaya, na Toyota wakaja kuishinda Safari mara nyingi. Yaani ile elimu ya barabara mbovu ilihama nyumba. Peugeot waliiacha, Toyota wakaishika. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la kwa nini leo mnalinganisha 504 iliyokufa na Land Cruiser iliyo hai.

#12 Bint Usukani

Shikamoo mzee. Hilo la elimu kuhama nyumba sijawahi kulisikia likielezwa hivyo. Naomba usiondoke kwenye uzi.

#13 Mzee wa Vumbi

Marahaba binti. Nipo.

#14 Hesabu Kwanza

Shikamoo mzee. Umenikumbusha kwamba Peugeot wenyewe walijaribu kurudi upande wetu, ila kwa mlango wa pikapu. Mwaka 2017 walileta barani Afrika gari waliloliita Peugeot Pick Up, kiini chake kikiwa pikapu ya Dongfeng ya China. Halafu 2020 wakaleta Landtrek, iliyotengenezwa pamoja na Changan, hiyo ina chasisi ya ngazi na inabeba tani moja vizuri. Ukiitazama kwa haki, Landtrek ndiyo mrithi wa 504 pikapu: kazi ileile, masoko yaleyale ya Afrika na Amerika ya Kusini. Hawakuipa jina la 504, na nadhani walifanya vyema.

Upande wa sura nao waligusia. Maonyesho ya Paris 2018 walionyesha e-Legend, kupe ya umeme iliyochukua umbo lake moja kwa moja kutoka 504 kupe. Watu waliipenda mno, makumi ya maelfu wakatia saini ombi la kutaka itengenezwe. Haikutengenezwa.

Kwa hiyo tuna majibu mawili kutoka kwa kampuni yenyewe. Walipotaka kazi ya 504, walikwenda kwa mbia wa China. Walipotaka sura ya 504, waliishia kwenye jukwaa la maonyesho. Stesheni ya safu tatu haikuguswa kabisa, na ndiyo mleta mada anaiulizia. Wao watakuonyesha 5008, ina viti saba, lakini ni gari la lami.

Na msidhani hawajui thamani ya jina la kale. Mwaka 2017 walinunua jina la Ambassador kutoka kwa Hindustan Motors wa India. Gari lile lilitoka tangu miaka ya 1950 hadi 2014. Wamelinunua na mpaka sasa hakuna Ambassador mpya ya Peugeot iliyoingia sokoni.

#15 SpringiNdefu

Mkuu, hili la e-Legend ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, sasa ngoja niliseme wazi. Mimi nilifurahi kuiona, ni gari zuri kwelikweli. Lakini iliniumiza pia. Walipokumbuka 504, walikumbuka kupe ya wenye nacho iliyochorwa na kujengwa kwa idadi ndogo. Zile stesheni zilizobeba familia, wagonjwa, wanafunzi wakienda shule za bweni, vifaranga na magunia kwenye keria, hizo hakuna aliyezichorea gari la maonyesho. Na ndizo zilizolipa jina hilo heshima kwenye nusu ya dunia.

Ndio maana nasisitiza kuuliza habari za stesheni. Na nina swali jingine kwa fundi: umeme je? Kama magari yote yanaenda huko, 504 ya umeme yenye nia ileile inawezekana?

#16 Spana13

Nimelifikiria hilo sana, na jibu langu litawashangaza baadhi: kiufundi, umeme unaweza kuikaribia 504 kuliko hizi petroli za kisasa.

Mota ya umeme haina plagi, haina gasketi ya hedi, haina kuchemsha mlimani. Nguvu yake inakuja tangu gari linaanza kusogea, na hicho ndicho unachokitaka ukiwa umejaza watu saba kwenye mchanga. Unaweza kuweka mota nyuma ikasukuma matairi ya nyuma kama 504.

Shida ni betri. Betri ya gari la ukubwa huo inaweza kufika kilo 300 hadi 500, na 504 saluni nzima ilikuwa karibu kilo 1,200. Uzito huo unawekwa chini ya sakafu, palepale kwenye mawe. Ukitaka kuukinga unaweka bamba nene, unaongeza kilo nyingine. Ukitaka gari liwe juu, linakuwa refu kwenda hewani na upepo unalila chaji. Na springi laini zenye mwendo mrefu hazipatani na uzito mkubwa: ama unaziimarisha zikawa ngumu, ama gari linagusa chini.

Na hata hayo yote yakitatuliwa, limebaki lile la slivu za maji. 504 ilikuwa inafunguliwa na mtu yeyote mwenye akili ya ufundi. Betri iliyofungwa kwa gundi na programu inayodai ruhusa ya kiwanda kabla ya kukubali kipuri kipya hapana. Siku kiwanda kikitengeneza gari la umeme ambalo pakiti ya betri inafunguka kwa spana, moduli moja iliyokufa inatolewa na nyingine inawekwa, na gari haligomi, hapo nitakubali kuliita mtoto wa 504 hata kama nembo yake ni ya mtu mwingine.

#17 Kioo Cha Nyuma

Je, mtu wa nje ya Peugeot akiamua kulitengeneza? Kuna yule tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alipoona Defender imeondolewa akaunda Ineos Grenadier. Sanduku lilelile, ekseli ngumu mbele na nyuma, chasisi ya ngazi, injini za BMW. Jaguar Land Rover walijaribu kulinda umbo la Defender kama alama ya biashara na mahakama ya Uingereza ikawakatalia mwaka 2020. Kwa hiyo mlango wa kisheria upo.

#18 Hesabu Kwanza

Upo mkuu, lakini angalia nani aliupitia. Ratcliffe ana kampuni kubwa ya kemikali inayoingiza mabilioni, na alinunua kiwanda kilichokwisha kujengwa, kile cha Hambach huko Ufaransa kilichokuwa cha Mercedes-Benz. Uzalishaji ulianza 2022. Na Grenadier inauzwa kwa bei ya juu, kwa watu wenye uwezo wa kulipia mapenzi yao. Defender mpya ya Land Rover yenyewe, inayoundwa Slovakia, nayo ni gari la bei. Magari ya kazi yakifufuliwa, mara nyingi yanarudi yakiwa ya starehe. Wanunuzi wa 504 stesheni walikuwa madereva wa abiria, shule, hospitali za misheni, serikali. Hao hawalipi bei ya mapenzi. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwa nini hakuna Ratcliffe wa 504.

#19 Mkaguzi

Naongeza jambo moja ambalo tunalipita haraka. Toyota wana mpango wanaouita GR Heritage Parts. Walianza 2020 na vipuri vya Supra za zamani, wakaongeza vya 2000GT na vya Land Cruiser 40. Wanatengeneza upya vipuri vilivyokwisha, vikiwa na ubora wa kiwanda. Peugeot nao wana L'Aventure, taasisi yao ya kutunza historia, ambayo inauza vipuri vya magari ya zamani. Kipuri hakihitaji majaribio ya kugongeshwa. Hakihitaji jukwaa la Stellantis.

#20 SpringiNdefu

Nimesoma michango yote, mingine mara mbili. Naomba niseme ninachokiona sasa.

Jina la 504 linaweza kurudi wakati wowote. Kampuni inayomiliki e-Legend na inayonunua jina la Ambassador haishindwi kubandika tarakimu tatu za 504 kwenye buti la gari la umeme. Siku hiyo ikifika sitalipinga, lakini pia sitaliita kurudi. Stesheni ya koili nne haitarudi kutoka Ulaya, kwa sababu mteja wa wakati ule, yule Mfaransa wa kijijini mwenye barabara mbovu, hana tena haja nayo. Barabara zake zina lami. Waliobaki na barabara za namna ile ni sisi na wenzetu wa Amerika ya Kusini na Asia, na gari la namna ile likija kuzaliwa tena litazaliwa na mtu anayetuuzia sisi kwanza. Inaweza kuwa China, inaweza kuwa India, inaweza kuwa Kaduna ambako mitambo ya Peugeot imeanza kuunganisha tena chini ya Dangote.

Lakini zilizopo ni jambo la leo. Zipo 504 zinazolala kwa kukosa kioo cha mbele, mpira wa mlango, boksi la usukani. Injini nzima, bodi nzima. Hilo ndilo ninalotaka Peugeot walisikie kutoka kwetu: orodha ya L'Aventure iwe na vipuri vya stesheni na pikapu kwa wingi, si vya kupe na kabrioleti (za paa la kukunja) pekee, na vifike kwa mawakala wa Afrika.

Fundi Spana13, kama ungeombwa uandike vipuri vya kwanza kutengenezwa upya, ungeanza na vipi?

#21 Spana13

Mkuu, ningeanza na seti ya slivu na pistoni za cc 1971, maana bloku nyingi bado nzima na zinasubiri hizo tu. Halafu hedi za alumini: zilizopo zimechongwa mara nyingi mpaka zimekuwa nyembamba. Koili za nyuma za stesheni zote nne, zenye ugumu ule wa asili, kwa sababu tunazofunga sasa za magari mengine zinaliharibu gari. Bushi zote za mbele. Mipira ya milango na vioo, maana maji yakiingia ndiyo mwanzo wa kutu ya sakafu. Na ile kola ya sumaku ya feni, ambayo wengi waliitoa wakafunga feni ya moja kwa moja.

Za dizeli nitaziandikia orodha yake peke yake, pampu na nozeli zina mambo yake. Mwenye stesheni iliyosimama aseme imekwama kwa kipuri gani tukiongeze, kisha mleta mada aipeleke orodha yote kwa pamoja.

#22 Mzee wa Vumbi

Ongeza vioo vya taa za mbele za kushoto na kulia. Yangu ya kulia imepasuka na sijapata mpaka leo.